Kahawa kwenye Nguzo ya Kona

Ndani ya kopo la langoni
Jumanne, 4 Juni

Bibi Albina,

Kama ulivyoagiza, sikugongei mlango alfajiri nikakukatiza usingizi. Habari za usiku nakuachia humu koponi, na wewe ukija kuchukua barua za posta utaikuta hii.

Nguruwe walikuja kundi zima, mama na watoto, kutoka kule kwenye kijito. Niliangusha watatu, wengine wakatimka. Nimewaburuta hadi kichakani upande wa mashariki, tai watawamaliza. Mahindi ya kijitoni yameumia kidogo, ya juu bado salama. Video nitaiweka kwenye chaneli yangu baada ya kukata sehemu inayoonyesha nyumba yako, kama tulivyopatana.

Na ahsante kwa kahawa. Usiku ule wa kwanza nilidhani darubini imeharibika. Darubini ya joto haioni rangi wala sura, inaona joto tu: nyasi nyeusi, nguruwe weupe. Sasa juu ya nguzo ya kona nikaona kitu cheupe kuliko vyote, kimesimama peke yake. Niliposhuka kwenye pikapu kuangalia, nikakuta birika la bluu na kikombe kilichofunikwa kitambaa. Nimewinda mashamba mengi ya watu katika kaunti hii, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipikia. Kila nikimaliza kunywa, birika nalirudisha barazani kwako. Sukari imezidi kidogo, lakini mgeni hachagui.

Wako,
Royce Tidwell


Nyumbani
Jumatano, 5 Juni

Royce,

Kahawa gani?

Mimi nalala na kuku. Jua likizama nami nimezama, na sijamwekea mtu birika juu ya nguzo tangu mume wangu alipokuwa hai. Lakini umenifumbua macho. Kahawa yangu inakwisha kabla ya wakati, nikadhani ni uzee. Kumbe mtu anaingia jikoni kwangu! Nami ninamjua: ni Marvin, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye tangu mkewe amkimbie hajui hata kuchemsha yai. Na wewe unakunywa mali ya wizi, kisha unailalamikia sukari.

Kuhusu hiyo sukari, marehemu Edwin ndiye aliyekunywa kahawa tamu kama uji wa mtoto. Mimi sitii hata chembe. Kwa hiyo ujue mwizi si mimi.

Nakuomba jambo. Hicho chombo chako kinachorekodi nguruwe, kigeuzie jikoni kwangu. Nirekodie huyo mwizi nimpelekee video yake kanisani Jumapili.

Ila binti yangu Bernadette asisikie neno. Tangu Pasaka, niliposahau bomba maji yakafika ukumbini, ananihesabia makosa. Ameshanitafutia chumba katika nyumba ya wazee huko Houston, chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Anasema likitokea jingine anakuja na lori. Mimi nimeolewa katika nyumba hii na nimezaa katika nyumba hii, na nataka kutoka humu nikiwa nimebebwa. Akisikia kuna kahawa inayotembea usiku, nimekwisha.

Albina Janak


Hallettsville
Jumatano, 12 Juni

Bi Bernadette,

Hatujuani. Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma, na usiku nawinda nguruwe mwitu kwenye shamba la mama yako. Anwani yako nimeitoa kwenye karatasi ya ruhusa, alipokuandika kama mtu wa kuitwa ikitokea hatari. Haya si maneno ya kumwachia mtu kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Jumamosi usiku nilikuwa nyuma ya pikapu, bunduki imekaa juu ya miguu yake mitatu. Kwenye darubini ya joto nikaona kitu cheupe kinapita chini ya seng'enge, kifupi na kipana, kimetanguliza kichwa kama nguruwe anavyopenya. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kifyatuo. Kilichonizuia ni kitu kingine, cheupe zaidi, ambacho kiliwekwa chini kwanza, taratibu, upande wa pili wa waya. Nguruwe hana kitu cha kuweka chini. Nikachukua ile darubini nyingine ya kuonea gizani, ambayo inaonyesha sura, na nikamwona mama yako. Alikuwa na nguo ya kulalia, aproni juu yake, na viatu vya shamba. Alikuwa anainuka na birika lake.

Nilitoa risasi bundukini, nikatapika kando ya gurudumu. Sitaki kukuficha hilo.

Alifika kwenye nguzo ya kona, akaweka birika, akasimama kuangalia shamba muda mrefu, kisha akarudi nyumbani. Chombo changu kilirekodi yote. Hakuna aliyeiona video hiyo na hakuna atakayeiona.

Mama yako amenikataza kukwambia neno lolote. Barua zake za mchana zina akili kali kuliko yangu. Anadhani kuna mwizi wa kahawa, na amenituma nimkamate. Sijui nimtii yupi, yule wa mchana au huyu wa usiku.

Royce Tidwell


Houston
Jumatatu, 17 Juni

Ndugu Royce,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimelala, mguu juu ya mito. Nimepasuliwa goti mwezi huu na daktari amenikataza kuendesha gari mpaka katikati ya Julai. Ningekuwa na miguu ningekuwa huko sasa hivi. Ahsante kwa kile kifyatuo ambacho hukukivuta. Sina neno kubwa zaidi ya hilo.

Baba alifanya kazi kiwandani mchana, na shamba alililima usiku kwa taa za trekta. Miaka yote ya utoto wangu Mama alimpelekea kahawa kwenye nguzo hiyo ya kona, yenye sukari ya kutosha watu wanne. Baba alikuwa akisimamisha trekta, anakunywa amesimama, anaendelea. Alifariki miaka tisa iliyopita.

Nakusihi mambo mawili. Kwanza, usipige risasi hata moja kwenye shamba lile mpaka nije. Akitoka, hakikisha amerudi ndani na jiko la gesi limezimwa. Pili, usimwambie. Mama ni mtu wa heshima zake. Mpaka leo hafungui mlango kabla hajachana nywele. Akijua ametembea na nguo ya kulalia mbele ya mwanamume mgeni, haya itamuua kabla ya risasi. Nitakuja nimwambie mwenyewe, kisha nitamchukua. Chumba nimeshakishikilia. Sifurahii, lakini wewe umeona kwa macho yako.

Bernadette Janak Orsak


Nyumbani
Ijumaa, 28 Juni

Royce,

Ukitaka kujua hali yangu, mimi mzima. Ukitaka kujua hali ya mahindi yangu, njoo mchana ujionee. Nguruwe wamelima upande wote wa kijito kuliko Edwin alivyowahi kuulima, na sasa wameanza kupanda huku juu.

Ni wiki ngapi sijasikia bunduki? Alama za magurudumu yako naziona kila asubuhi, kwa hiyo mtu unakuja. Sasa unafanya nini huko gizani, unawapiga nguruwe picha za harusi? Mpwa wangu ananiambia hata kwenye hiyo chaneli yako hakuna kitu kipya, na watu wanauliza kama umekufa.

Na mwizi wangu je? Nilikuomba jambo moja tu. Birika linaendelea kulala barazani, na sasa kuna la ajabu zaidi: nikiamka nakuta viatu vyangu vya shamba vimelowa umande, na mlango nimeufunga mwenyewe. Marvin ana miguu kama makasia, haviwezi kumwenea. Labda ameleta mwanamke.

Nakusubiri unijibu kwa maneno yanayoeleweka.

Albina


Koponi
Jumamosi, 29 Juni

Bibi Albina,

Nisamehe. Mwezi ulikuwa mkubwa, nguruwe wakawa wajanja. Halafu upepo ukageuka, wakawa wananinusa kabla sijawaona. Halafu betri ya darubini ikanisumbua. Mambo yameandamana.

Mwizi nimemwona. Ni rakuni, mkubwa, mnene. Wanyama hawa wana vidole kama vya mtu, wanafungua chochote. Ndiye anayevuta birika, na nadhani ndiye anayechezea viatu. Hana madhara, usijisumbue kumtegea mtego.

Nimekuachia kopo jipya la kahawa hapa chini ya barua, kufidia.

Royce


Nyumbani
Jumatatu, 1 Julai

Bwana Tidwell,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata langoni.

Nataka nimwone huyo rakuni. Anawasha gesi, anapima kahawa, anatia sukari, anabeba birika la moto mpaka kona ya shamba, kisha anafunika kikombe kwa kitambaa alichokidarizi mama yangu. Mlete nimwajiri. Anajua kazi kuliko wewe.

Nimeishi miaka themanini kasoro, na ninajua mtu anaponisemesha kama mtoto. Daktari ananisemesha hivyo, padri mpya ananisemesha hivyo, binti yangu ananisemesha hivyo. Wewe ulikuwa huniandikii hivyo, ndiyo maana nilizipenda barua zako. Sasa na wewe umejiunga nao.

Nimewaita ndugu wawili wa Kovar. Wanakuja Jumamosi hii usiku na lile gari lao lisilo na milango, bunduki tatu na sanduku la bia. Wao hawana habari za mwezi wala upepo. Wakiona cheupe wanafyatua, na hicho ndicho ninachokitaka kwenye shamba langu.

Ufunguo wa lango urudishe humu koponi. Kahawa yako nayo ichukue.

Albina Janak


Koponi
Jumanne, 2 Julai

Bibi Albina,

Wapigie ndugu wa Kovar simu kabla hujaendelea kusoma. Waambie wasije. Ukishamaliza, kaa chini.

Niliahidi mtu kwamba sitakwambia. Naivunja ahadi hiyo leo, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe nimekiona kwenye darubini yangu kikiwa mbali nami kwa kidole kimoja.

Anayebeba birika ni wewe. Hakuna Marvin wala rakuni. Karibu kila usiku unaamka ukiwa usingizini, au katika hali nyingine ambayo sijui jina lake. Unapika kahawa, unavaa viatu vya shamba, unapita chini ya seng'enge na kuipeleka kwenye nguzo ya kona. Jumamosi ile ya Juni nilikudhania nguruwe. Nilikaribia kukuua, bibi. Tangu siku hiyo bunduki yangu haina risasi ikiwa shambani kwako, na ndiyo maana nguruwe wanakula mahindi yako huku mimi nakuandikia habari za upepo.

Sikukuona mjinga hata siku moja. Niliogopa kuwa mtu atakayekutoa kwenye nyumba yako. Basi nikakuibia haki ya kujua jambo lako mwenyewe, na hilo ni baya kuliko kuiba kahawa.

Chini ya barua hii, ndani ya taulo, kuna tableti. Bonyeza ile alama ya pembetatu. Ni kila usiku niliourekodi, mmoja baada ya mwingine. Darubini nilikuwa naiacha juu ya miguu yake inaendelea kurekodi nikishuka kuja kwako. Hakuna mtu mwingine aliyeitazama na hakuna nakala nyingine. Ukimaliza, ifute, iangushe kisimani, fanya utakavyo.

Ufunguo huu hapa.

Royce


Nyumbani
Ijumaa, 19 Julai

Royce,

Najua umengoja. Ndugu wa Kovar niliwazuia siku ile ile, hilo tulia.

Tableti ilikaa juu ya friji siku nyingi, imefungwa na taulo lake. Nilikuwa naizunguka kama nyoka. Siku nilipoifungua nikamwona mwanamke mweupe asiye na uso anatembea kwenye shamba jeusi, nikasema huyu ni mama mkwe wangu, ametoka makaburini kunidai. Kisha akafika kwenye seng'enge, akashika nyonga ya kushoto kabla ya kuinama. Nyonga hiyo naijua, naamka nayo kila siku.

Nililia kwa haya. Nguo ile ya kulalia imechanika kwapani. Nikawaza umeona, nikasema sitamwandikia tena mtu yule.

Bernadette alifika Jumapili, amepanda gari la mpwa wangu, anatembea na fimbo. Alikuja na hotuba yake tayari. Nikamwambia keti kwanza, kuna sinema. Tukaitazama sote wawili mpaka mwisho, na mwisho huo mimi nilipotazama peke yangu sikuwa nimeufikia. Nilikuwa naizima kila ninapoiona nyonga.

Hukuniambia habari za mwanamume. Anatoka gizani, mrefu, naye mweupe, amevua kofia. Bibi yule anamsogelea, anamwekea kola vizuri. Mwanamume anakunywa kikombe chote, na ninajua unavyochukia sukari. Kisha anabeba birika, anamwinulia waya wa seng'enge ili apite bila kuinama sana, anamshika kiwiko, wanakwenda polepole mpaka barazani. Mwanamume anaingia, anatoka, bila shaka ametoka kuzima jiko. Halafu usiku mwingine, tena. Na mwingine, tena. Bernadette alinishika mkono, hotuba akaisahau.

Bado nimekasirika nawe, utambue hilo. Rakuni sijakusamehe.

Tumegombana siku mbili, na nimeshinda nusu. Ile nyumba ya wazee haipo tena. Baada ya sherehe ya parokia mwezi Septemba, nikishaoka kolache zangu za mwisho, vile vimkate vya matunda, kwa ajili ya meza ya akina mama, nitahamia kwa Bernadette, nyumbani kwake, chumba cha nyuma kinachotazama bustani. Nimeamua mimi, si yeye wala lori. Bernadette amenisomea barua uliyomwandikia, na sitaki kijana mwingine atapike kando ya gurudumu kwa sababu yangu. Mpaka siku hiyo yeye analala hapa, na ametundika kengele ya ng'ombe kwenye mlango wa jikoni. Kwa hiyo rudi ufanye kazi yako. Ufunguo umo humu.

Lakini kuna jambo linaniuma kuliko nyumba. Video yako haina maneno. Kamera iko mbali, nasikia nyenje na upepo tu. Naona vichwa vinainamiana, najua wanazungumza, na sisikii kitu. Yule bibi kila usiku alikwenda akakutana na Edwin. Mimi asubuhi nimeachiwa viatu vilivyolowa. Miaka tisa namwomba Mungu anionyeshe mume wangu japo kwenye ndoto, kumbe mwenzangu anakutana naye kila siku na haniambii. Namwonea wivu, Royce. Ni aibu mwanamke wa umri wangu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Wewe ulikuwepo. Niandikie alisema nini.

Albina


Koponi
Jumapili, 21 Julai

Bibi Albina,

Hakusema mengi. Nitakupa yote niliyonayo.

Usiku wa kwanza niliposhuka, aliniuliza, "Bado mistari mingapi, Edwin?" Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi si Edwin. Akatazama shamba nyuma yangu, akaingia kwenye mahindi kumtafuta. Nadhani alifikiri trekta imepinduka. Ilinichukua muda mrefu kumtoa humo, na nikaapa sitasema tena neno lile.

Usiku wa pili aliponiuliza, nikajibu, "Miwili tu." Akacheka. Akasema, "Kila siku kwako ni miwili." Tangu hapo mambo yakawa mepesi. Anauliza, najibu miwili, anacheka, ananiwekea kola sawa, ananiambia taa ya baraza ataiacha inawaka. Njiani hasemi kitu. Mlangoni anasema, "Vua viatu, usiniletee shamba ndani." Nami nilikuwa navivua, bibi, kila nilipoingia kuzima jiko.

Sikujua namna ya kuwa mume wa mtu kwa dakika chache kila usiku. Mimi mwenyewe sijaoa. Kama nilikosea mahali, yeye hakuonyesha.

Usiku mmoja tu alisema zaidi. Ni ule ambao kwenye video utaona wamesimama muda mrefu, na yeye ananyoosha mikono yote miwili mbele yake, chini, kama anayekiita kitu kidogo. Alikuwa na furaha mpaka maneno yanampotea. Akasema, "Leo Bernadette ameachia kiti. Ametoka kwenye kiti mpaka mlangoni, peke yake, Edwin, na wewe hukuwepo kumwona."

Sijui Edwin alijibu nini usiku ule wa kweli. Mimi nilisema nitamwona kesho, nitaamka mapema kabla ya kwenda kiwandani, atembee tena mbele yangu.

Akanifuta vumbi begani. Akasema, "Basi maliza kahawa, inapoa."

Royce